Kubuni Saketi ya Kusahihisha Makosa ya Kumbukumbu: Kutoka Jedwali hadi Mageti

Kumbukumbu ya aina ya DRAM, ile kumbukumbu kuu ya kompyuta, huhifadhi kila biti kama chaji ndogo mno ya umeme, na chaji hiyo inaweza kubadilika bila programu yoyote kuigusa. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa Intel, Timothy May na Murray Woods, walionyesha kwamba vifuniko vya kauri vya chipu za wakati huo vilikuwa na masalia ya urani na thori, na kwamba chembe za alfa zilizotoka humo zilitosha kugeuza biti. Vifuniko vilisafishwa, lakini zikabaki nyutroni zinazozaliwa miale ya anga za juu inapogonga hewa, ambazo huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu. Mashine iliyoko Nairobi hupigwa nazo zaidi kuliko mashine ya aina ileile iliyoko Mombasa. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 uliripoti kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vya RAM vilipata angalau kosa moja la kusahihishika kwa mwaka, na kwamba dalili zilielekeza sehemu kubwa ya makosa hayo kwenye hitilafu za kudumu za vifaa vyenyewe.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kubuni saketi inayosahihisha biti moja iliyogeuka na kugundua biti mbili zilizogeuka katika neno moja la kumbukumbu, yaani kundi la biti linalosomwa na kuandikwa kwa pamoja. Msingi wake uliwekwa na Richard Hamming wa Bell Labs katika makala yake ya mwaka 1950, na umbo linalofaa zaidi kwa saketi lilitolewa na M. Y. Hsiao wa IBM mwaka 1970. Nitafuata njia ya Hsiao. Jambo ambalo wabunifu wengi wanaoanza hulikosa ni kwamba ufanisi wa saketi hii huamuliwa kwenye jedwali linaloonyesha biti ipi inaingia katika hesabu ipi, kabla ya geti hata moja kuchorwa. Ukishachagua jedwali baya, hakuna programu ya kusanisi mageti itakayokurudishia muda ulioupoteza.

Msomaji anatakiwa kujua mageti ya AND, OR na XOR. Ikumbukwe tu kwamba XOR ya biti nyingi hutoa 1 pale idadi ya biti zenye 1 inapokuwa witiri, na 0 inapokuwa shufwa. Karibu kila kitu kinachofuata kinasimama juu ya tofauti hiyo ya witiri na shufwa.

Hatua ya kwanza: bainisha makosa unayotaka kuyakabili

Kosa la biti moja ndilo kosa ambalo saketi hii imebuniwa kulisahihisha. Hata hivyo, katika chipu za leo, ambamo seli zimebanana sana, nyutroni moja inaweza kugeuza seli mbili au tatu zilizo jirani kwa mpigo mmoja, na zikiwa za neno moja saketi yako itashindwa. Dawa yake haimo katika mageti bali katika mpangilio wa seli: panga biti za maneno manne tofauti kwa kupishana katika mstari mmoja wa seli, ili seli jirani zisiwe kamwe za neno moja. Kosa la seli tatu jirani litagawanyika kuwa makosa matatu ya biti mojamoja katika maneno matatu, na kila neno litajisahihisha lenyewe. Ikiwa wewe ndiye unayebuni safu ya SRAM (kumbukumbu inayojengwa ndani ya chipu yenyewe), amua jambo hili sasa, kwa sababu baadaye litakuwa ghali.

Ikiwa unashughulika na vijiti vya RAM vilivyonunuliwa, huna mamlaka juu ya mpangilio wa seli, na hatari kubwa zaidi ni chipu nzima kufa. Kijiti cha biti 72 kilichojengwa kwa chipu tisa za biti nane kitapoteza biti nane kwa pamoja. Saketi ya mwongozo huu haisahihishi kosa hilo. Linahitaji misimbo inayohesabu kwa makundi ya biti, kama ile inayotumika katika teknolojia ambayo IBM iliita Chipkill, na gharama yake ni ya daraja nyingine.

Hatua ya pili: chagua upana wa neno

Ukiwa na biti za data k, unahitaji biti za ukaguzi r (biti za ziada zinazohesabiwa kutoka kwenye data na kuhifadhiwa pamoja nayo) zinazotosheleza sharti hili: 2 ikipandishwa kwa kipeo cha r−1 isiwe ndogo kuliko k + r. Kwa data ya biti 8 unahitaji biti 5 za ukaguzi. Kwa biti 16 unahitaji 6. Kwa 32 unahitaji 7. Kwa 64 unahitaji 8. Kwa 128 unahitaji 9. Kwa asilimia ya data, nyongeza hiyo ni 62.5, kisha 37.5, karibu 22, kisha 12.5, na karibu 7.

Hesabu hizi humshawishi mbunifu achague neno pana kadiri iwezekanavyo, na mara nyingi huo ni uamuzi sahihi. Lakini neno pana lina bei mbili. Ya kwanza ni kwamba uwezo wa kusahihisha biti moja tu sasa unagawanywa kwa biti nyingi zaidi. Ya pili, ambayo huumiza zaidi katika utendaji, ni kwamba kichakataji kikitaka kuandika baiti moja tu ndani ya neno la biti 64, biti za ukaguzi za neno zima hubadilika, kwa hiyo ni lazima neno lisomwe, lisahihishwe, baiti mpya ipachikwe, kisha neno lote lisimbwe upya, yaani biti zake za ukaguzi zihesabiwe tena, na kuandikwa. Kwa kumbukumbu ndogo ya kidhibiti kinachoandika baitibaiti, neno la biti 32 au hata 16 linaweza kuwa la busara kuliko la 64, ingawa linakula silikoni zaidi.

Hatua ya tatu: jaza jedwali

Jedwali lina mistari r, mmoja kwa kila biti ya ukaguzi, na safu wima moja kwa kila biti ya neno, ikiwa ya data au ya ukaguzi. Alama ya 1 katika makutano ya mstari na safu ina maana kwamba biti ile inaingia katika hesabu ya biti ya ukaguzi ya mstari ule. Idadi ya alama za 1 katika safu tuiite uzito wa safu.

Masharti ni matatu. Safu zote ziwe tofauti, ili kila kosa la biti moja liache alama yake ya pekee. Safu zote ziwe na uzito wa witiri. Na jumla ya alama za 1 iwe ndogo kadiri inavyowezekana, zikiwa zimegawanywa kwa usawa kati ya mistari.

Sharti la pili ndilo kiini cha kazi ya Hsiao. Biti mbili zikigeuka kwa pamoja, alama inayoonekana ni XOR ya safu zao mbili. Witiri na witiri huzaa shufwa daima, na kwa kuwa safu ni tofauti, matokeo hayawi sifuri. Kwa hiyo kosa la biti mbili haliwezi kamwe kufanana na kosa la biti moja, na wala halihitaji biti ya ziada inayojumlisha neno zima, kama inavyofanyika katika msimbo wa Hamming uliopanuliwa. Katika neno la biti 72 (64 za data na 8 za ukaguzi), biti hiyo ya jumla ingelazimu mti wa XOR wenye ingizo 72, yaani ngazi saba za mageti yenye ingizo mbili. Jedwali la Hsiao humaliza kwa ngazi tano. Ngazi mbili si kitu kidogo katika njia inayopitiwa na kila usomaji wa kumbukumbu.

Sharti la tatu linahusu ukubwa na kasi. Kila alama ya 1 ni waya na karibu geti moja la XOR. Mstari wenye alama nyingi kuliko wenzake ndio unaoamua kasi ya saketi nzima.

Tufanye mfano mdogo wa data ya biti 8, unaoweza kukaguliwa kwa kalamu. Biti za ukaguzi ni tano, c1 hadi c5, na kila moja ina safu ya uzito 1. Kwa data tunachukua safu za uzito 3. Kutoka mistari mitano unaweza kuchagua mitatu kwa njia kumi, nasi tunahitaji nane, kwa hiyo tunaacha mbili. Tuiandike kila safu kwa namba za mistari yenye 1, mfano 123 ni mistari ya 1, 2 na 3. Tukiacha 123 na 345, mstari wa 3 unapungukiwa mara mbili na mistari mingine mara moja moja, ambao ndio ugawaji ulio sawa zaidi unaowezekana. Zinabaki:

d0 = 124, d1 = 125, d2 = 134, d3 = 135, d4 = 145, d5 = 234, d6 = 235, d7 = 245.

Kutokana na hayo, hesabu za biti za ukaguzi ni hizi (⊕ ni XOR):

c1 = d0 ⊕ d1 ⊕ d2 ⊕ d3 ⊕ d4
c2 = d0 ⊕ d1 ⊕ d5 ⊕ d6 ⊕ d7
c3 = d2 ⊕ d3 ⊕ d5 ⊕ d6
c4 = d0 ⊕ d2 ⊕ d4 ⊕ d5 ⊕ d7
c5 = d1 ⊕ d3 ⊕ d4 ⊕ d6 ⊕ d7

Katika Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kila mstari huandikwa kama XOR ya biti zote za data baada ya kupitishwa kwenye kichujio, na vichujio vya mistari hii mitano kwa mpangilio ni 1F, E3, 6C, B5 na DA katika namba za msingi wa kumi na sita. Namna hii ya kuandika ni bora kuliko kuandika kila biti kwa mkono, kwa sababu kosa la chapa katika kichujio ni rahisi kulikamata kwa programu ndogo ya ukaguzi.

Kwa neno la biti 64 kazi ni ileile. Mistari ni minane. Safu za uzito 3 ni 56, unazitumia zote. Nane zinazobaki unazichukua kutoka safu za uzito 5. Njia rahisi ya kupata nane zenye usawa ni kuizungusha 11111000 hatua moja moja hadi zipatikane zote nane, maana kila mstari utapata alama tano hasa. Jumla ya alama za 1 pamoja na biti za ukaguzi ni 168 + 40 + 8, yaani 216, na ukigawanya kwa mistari minane unapata 27 kwa kila mstari bila baki.

Hatua ya nne: lijaribu jedwali kwa kalamu

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Chukua data 10110010, ukiisoma kutoka d7 kushoto hadi d0 kulia. Biti za ukaguzi zinakuwa c1 = 0, c2 = 1, c3 = 1, c4 = 1, c5 = 1. Sasa geuza d5 iwe 0 na uhesabu upya kutoka kwenye data iliyoharibika: unapata 0, 0, 0, 0, 1. Ukifanya XOR na zile zilizohifadhiwa unapata 0, 1, 1, 1, 0. Matokeo haya huitwa sindromu, na hapa yanataja mistari ya 2, 3 na 4, ambayo ndiyo safu ya d5. Saketi inageuza d5 na data inarudi kama ilivyokuwa.

Geuza d5 na d1 kwa pamoja. Sindromu ni XOR ya 234 na 125, yaani 1345: uzito wake ni nne, shufwa, kwa hiyo kosa limegunduliwa na halisahihishiki.

Sasa geuza d0 pia, ziwe tatu. Sindromu inakuwa 235, ambayo ni safu ya d6. Saketi itaamini kwamba d6 ndiyo mbovu, itaigeuza biti iliyokuwa nzima, na itaripoti kwa utulivu kamili kwamba imesahihisha kosa moja. Huo ndio mpaka wa msimbo huu, na mtu anayeubuni aujue kwa mfano halisi, si kwa maneno ya jumla. Katika jedwali la biti 72, sindromu za witiri ni 128 na zinazotumika ni 72. Kama makosa ya biti tatu yangetawanyika sawasawa juu yake, zaidi ya nusu yangesahihishwa vibaya.

Hatua ya tano: jenga miti ya XOR

Mstari wa ingizo 26 za data huhitaji mageti 25 ya XOR ya ingizo mbili, katika ngazi tano zikipangwa kama mti. Kwa mistari minane hiyo ni mageti 200 upande wa kuandika. Upande wa kusoma kila mti unapokea pia biti ya ukaguzi iliyohifadhiwa, hivyo ingizo ni 27 na mageti ni 208. Ngazi bado ni tano, kwa kuwa mti wa ngazi tano unabeba hadi ingizo 32. Usiweke XOR ya kulinganisha kama ngazi ya sita baada ya mti; iingize biti iliyohifadhiwa ndani ya mti wenyewe.

Baadaye tafuta jozi zinazorudiwa. Katika mfano wetu, d0 ⊕ d1 inaonekana katika c1 na c2, d2 ⊕ d3 katika c1 na c3, na d6 ⊕ d7 katika c2 na c5. Bila kushirikisha, mistari mitano inahitaji mageti 19. Kwa kushirikisha jozi hizo tatu yanakuwa 16. Katika jedwali kubwa akiba huwa ya kuonekana zaidi, na safu za uzito 3 zinaweza kupangwa upya miongoni mwa biti za data ili jozi zinazorudiwa ziangukie biti zilizo karibu kimwili. Lakini kila geti linaloshirikishwa hulisha mistari mingi zaidi, na mzigo huo huliongezea ucheleweshaji. Ushauri wangu ni huu: upande wa kuandika, ambako kwa kawaida kuna nafasi ya muda, shirikisha kwa wingi, upande wa kusoma shirikisha tu pale ambapo uchambuzi wa muda umethibitisha kwamba njia ndefu zaidi haikuguswa.

Kumbukumbu yenye mlango mmoja haisomi na kuandika kwa wakati mmoja, kwa hiyo inawezekana kutumia miti ileile kwa kazi zote mbili: wakati wa kuandika, ingizo la biti ya ukaguzi hushikiliwa kwenye 0. Unaokoa karibu nusu ya eneo la XOR na unalipa kwa ucheleweshaji wa kichaguzi kimoja mbele ya mti. Kwa kidhibiti kidogo ni biashara nzuri. Kwa kichakataji cha kasi si nzuri.

Hatua ya sita: kisimbuzi na bendera

Kila biti ya data inahitaji geti linalotambua safu yake katika sindromu, kisha XOR moja inayoigeuza biti. Katika mfano wa biti 8 inawezekana kutumia AND ya ingizo tatu tu: d5 igeuzwe pale mistari ya 2, 3 na 4 yote ina 1, bila kuangalia ile mingine miwili. Hili linakubalika kwa sababu hakuna safu ya uzito 5 inayotumika. Lakini tazama kinachotokea kosa likiwa la biti mbili na sindromu ikawa 1345: mageti ya d2, d3 na d4 yote yataitikia, na data itatoka ikiwa imeharibika kuliko ilivyoingia. Ikiwa kichakataji hulitupa neno lote pale bendera (ishara ya kutoa taarifa) ya kosa lisilosahihishika inapowaka, hakuna hasara. Ikiwa kuna mtu atakayetaka kulichunguza neno ghafi baadaye, tumia AND kamili ya ingizo tano.

Katika jedwali la biti 64 njia hiyo ya mkato haipo, kwa sababu safu za uzito 5 zinameza baadhi ya safu za uzito 3. Badala ya kujenga mageti 64 ya ingizo nane, gawa sindromu katika nusu mbili za biti nne, simbua kila nusu iwe nyaya kumi na sita, kisha kila biti ya data ipate AND ya ingizo mbili tu inayochukua waya mmoja kutoka kila nusu.

Bendera ni mbili. Ya kwanza huwaka sindromu inapofanana na mojawapo ya safu zinazotumika, zikiwemo zile za biti za ukaguzi. Ya pili huwaka sindromu ikiwa si sifuri na haifanani na safu yoyote. Wengine huiandika bendera ya pili kama «si sifuri na ni shufwa», na hapo hupoteza bure uwezo wa kukamata sindromu za witiri zisizotumika, ambazo ni 56 katika jedwali la biti 72 na ni tatu katika mfano wetu: 123, 345 na 12345.

Hatua ya saba: neno la sifuri tupu na la moja tupu

Kumbukumbu iliyokosa umeme au yenye waya uliokatika mara nyingi husomeka kama sifuri zote au moja zote. Katika msimbo wowote wa aina hii sifuri zote ni neno halali, kwa hiyo kumbukumbu iliyokufa itaonekana nzima. Dawa ni kugeuza biti mbili za ukaguzi wakati wa kuandika na kuzigeuza tena wakati wa kusoma. Ni lazima ziwe mbili: ukigeuza moja, sifuri zote zitatoa sindromu ya uzito 1, na saketi itadhani ni biti ya ukaguzi tu iliyoharibika.

Katika jedwali la biti 72 sifuri zote sasa hutoa uzito 2 na moja zote hutoa uzito 6, na yote mawili ni makosa yasiyosahihishika, kama tunavyotaka. Katika mfano wa biti 8, moja zote bila ugeuzaji zingetoa sindromu ya mstari wa 3 peke yake, yaani zingepita kama kosa dogo la c3. Ukigeuza c1 na c2, sindromu inakuwa 123, safu tuliyoiacha, na bendera ya pili inawaka. Gharama yake ni vigeuzi vichache.

Hatua ya nane: mahali pa saketi katika mipigo ya saa

Njia ya kusoma sasa ina ngazi tano za XOR, kisimbuzi, na XOR ya mwisho. Ikitosha ndani ya mpigo mmoja pamoja na usomaji wenyewe, iache hapo. Isipotosha, weka rejista baada ya sindromu na ukubali mpigo mmoja zaidi. Njia ya tatu ni kumpa kichakataji data ghafi mara moja na kumzuia mpigo unaofuata endapo sindromu si sifuri. Kwa kuwa karibu usomaji wote hauna kosa, wastani wa kasi haupungui, ila mantiki ya kurudi nyuma inakuwa sehemu ngumu zaidi ya mradi wote. Bendera zenyewe zinaweza kuchelewa kwa mpigo mmoja bila madhara, mradi hakuna matokeo yaliyokwisha kuandikwa mahali yasipoweza kufutwa.

Hatua ya tisa: hakiki

Mfano wa biti 8 unaweza kujaribiwa wote: maneno 256, na kwa kila neno hali moja isiyo na kosa, makosa 13 ya biti moja na 78 ya biti mbili, jumla ya majaribio 23,552. Kompyuta ya kawaida huyamaliza kufumba na kufumbua. Kwa biti 72, makosa ya biti moja ni 72 na ya biti mbili ni 2,556. Sindromu haitegemei data bali hutegemea tu mahali palipogeuka, kwa hiyo jedwali lenyewe huthibitishwa kwa neno moja, ingawa nyaya za saketi zinahitaji maneno mengi ya kubahatisha. Makosa ya biti tatu ni 59,640, nayo pia yapitishe yote uhesabu ni mangapi yanasahihishwa vibaya. Namba hiyo ndiyo ya kulinganishia uchaguzi mmoja wa safu za uzito 5 na mwingine.

Mtego mkubwa wa hatua hii ni kisimbaji (saketi ya upande wa kuandika) na kisimbuzi (ya upande wa kusoma) kutengenezwa kutoka jedwali moja lenye kosa. Vitakubaliana vizuri, kila neno litaandikwa na kusomwa salama, na jaribio lisilo na makosa litapita. Kwa hiyo kagua kwanza jedwali peke yake kwa programu tofauti: je, safu zote ni tofauti, zote ni witiri, hakuna ya sifuri? Kisha acha ndani ya chipu rejista inayoruhusu kugeuza biti yoyote kwa makusudi, ili bendera zijaribiwe hata baada ya kifaa kufungwa.

Hatua ya kumi: pitia kumbukumbu na uhifadhi sindromu

Kosa lililosahihishwa njiani bado limo ndani ya seli, na likikaa muda mrefu kosa la pili laweza kulikuta katika neno lilelile. Tengeneza mashine ndogo ya hali (saketi inayofuata hatua moja baada ya nyingine) inayosoma kumbukumbu yote kwa zamu na kuandika upya neno lililosahihishwa. Kumbukumbu ya GB 1 ina maneno 134,217,728 ya biti 64. Kuyapitia yote ndani ya saa 24 ni karibu maneno 1,550 kwa sekunde, mzigo ambao kichakataji hakitauhisi.

Kila bendera ya kwanza inapowaka, hifadhi anwani pamoja na sindromu, si hesabu peke yake. Kosa linalotoweka baada ya kuandikwa upya lilikuwa la kupita. Linalorudi kwenye anwani ileile ni seli mbovu, na ukurasa ule uondolewe katika matumizi. Sindromu ileile ikijitokeza kwenye anwani nyingi zilizotawanyika, mbovu ni waya au mguu wa chipu, na kijiti kibadilishwe mara moja bila kusubiri bendera ya pili, kwa sababu kila neno linalopita kwenye waya ule limekwisha kutumia usahihishaji wake wa pekee, na kosa lolote jipya litakuwa la pili.